Bomba la Nje ya Ukuta

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja mtu mwenye faili la bluu kwapani. Alipiga hodi kwa adabu, akakaa barazani, akapokea maji ya kunywa, kisha akataja bei ya kiwanja chetu. Haikuwa bei ya kubahatisha. Alijua kiwanja kina mita 12 kwa 24, alijua hati iko safi, na hakunificha kwamba nyumba yenyewe ataivunja ili apandishe ghorofa nne za vyumba vya kupangisha. Nilipomwambia nitafikiri, aliniuliza bila ubaya wowote: "Lakini dada, hapa Sinza mmeng'ang'ania nini? Kwa hela hii unapata nusu eka Kibaha, unajenga, na nyingine inabaki benki."

Nilimsindikiza mpaka getini, lakini swali lake halikuondoka naye. Nimeishi Sinza tangu mwaka 1979, nikiwa na miaka minane. Niliolewa nikatoka, nikarudi. Nimelea hapa, nimezika nikiwa hapa. Hata hivyo nilipotaka kumjibu sikupata sentensi moja ya kumpa mtu aliyekuja na hesabu zake mkononi. Jioni ile ile nikatoka, nikaanza kuwauliza majirani mmoja mmoja, kwa karibu wiki tatu: wewe hapa unapapendea nini?

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye nikimwamkia huitikia "marahaba mwanangu" ingawa mimi mwenyewe nina mjukuu. Hakufikiri hata kidogo. "Hapa nikifa," alisema, "wanangu hawatahangaika kuulizana waanzie wapi." Nilitegemea anitajie hospitali ya Palestina iliyo karibu, au Mlimani City, au urahisi wa kufika Ubungo. Yeye alitaja maziko yake, tena kwa uso wa mtu aliyeridhika.

Mama wa vitumbua alinijibu huku akigeuza vitumbua vyake kwa kijiti. "Hapa nadai na nadaiwa. Daftari langu likiungua leo, nusu ya mtaa watakuja wenyewe kunitajia walichokula. Huko mbali nani ananijua anikopeshe unga?" Kijana wa bajaji, mpangaji wa chumba kimoja cha uani, kwao Kahama, alikumbuka homa iliyomlaza wiki nzima: mama mwenye nyumba alimletea uji, na habari ya kodi hakuigusa mpaka aliposimama. Fundi cherehani alisema anapenda upana wa barabara ya mtaa wetu. Nilidhani hajanielewa, baadaye nikaona amenielewa kuliko wote, nitalirudia hilo.

Kuna mwanamke mmoja aliyenijibu tofauti, na sitaki kumwacha nje ili habari ipendeze. "Mimi sipapendi," alisema. "Nikipata pa kwenda nahama kesho. Hapa kila mtu anajua habari za mwanangu." Mwanawe ameharibiwa na dawa za kulevya, na ni kweli, sote tunajua. Alinyamaza akichambua mchicha wake. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Lakini akianguka njiani, wananiletea."

Na yupo mzee wetu mpiga gitaa, aliyetoka Bukavu zamani kuja kutafuta maisha ya muziki na hakurudi tena. Yeye alicheka tu, akaonyesha kidole upande wa kituo cha daladala. "Mtaa gani mwingine utampa mgeni kituo?"

Alikuwa anamsema Remmy Ongala. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo ya mashariki, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akajenga jina lake akiwa na Super Matimila. Aliishi hapa kwetu, na konda hakuwa na njia nyepesi ya kumwelekeza abiria ila kumtaja. Alifariki Desemba 2010. Makonda wa leo wengi wao walikuwa watoto wakati huo, lakini bado wanapaza sauti, "Kwa Remmy wapo?" na abiria bado wanajibu, "Shusha!"

Barabara zetu kubwa zimeitwa na wakubwa: Shekilango, Sam Nujoma. Vituo tumeviita sisi. Na katika Sinza kwa Remmy, neno linalonigusa si Remmy, ni "kwa". Ni neno la nyumbani. Tunasema kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba. Mahali ambapo ukifika unatengewa kigoda kabla hujaulizwa umefuata nini. Mtu aliyevuka mpaka akiwa na sauti yake tu alipewa neno hilo na watu wasiokuwa na mamlaka yoyote ya kugawa majina.

Sinza ninayoijua mimi ilianza na kalibu.

Baba alikuwa karani bandarini, Mpare wa Usangi; mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Tulipanga chumba kimoja Magomeni, watu sita. Miaka ya mwanzo ya 70 serikali iliacha mtindo wa kubomoa makazi ya watu wa kipato cha chini, ikaanza kuyaboresha yaliyokwisha kujengwa na kupima viwanja vipya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Manzese ikaingia katika kuboreshwa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa. Mpango wenyewe ulikuwa wazi: serikali itachonga barabara, itavuta maji, itasimika vigingi, nyumba ni juu yako mwenyewe. Baba alipata barua yake ya ofa mwaka 1978, na kwa miezi kadhaa aliitembeza mfukoni kama mtu anayetembea na picha ya mchumba.

Kujenga wakati ule ilikuwa kazi ya kuvunja moyo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na vimeacha maduka matupu. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu, lakini mfuko mmoja ulitaka kibali, bati lilitaka kibali, na misumari ilitaka kujuana. Baba alikuwa na mkopo mdogo wa Benki ya Nyumba Tanzania, ambao ulitosha msingi na chumba kimoja cha nyuma. Tukahamia humo. Majirani nao walihamia hivyo hivyo, kila mmoja katika kipande cha nyumba yake, mwingine akilala chini ya bati zisizofika ukutani, mwingine mlango wake ni kanga. Hakuna aliyekuwa na ukuta wa kumficha mwenzake. Tulikuwa tunaonana tunavyokula.

Kalibu ya kufyatulia matofali ilikuwa moja, ya mbao ngumu yenye pembe za chuma, mali ya jirani wa nyumba ya tatu. Ikizunguka. Wiki hii kwetu, wiki ijayo kwa mwalimu, wiki ya tatu kwa yule Mchaga wa ng'ambo ya barabara. Siku moja kaka yangu aliiangusha juu ya jiwe na pembe yake moja ikabonyea kwa ndani. Mama aliogopa, akampeleka kaka akaombe radhi. Jirani aliikagua kalibu, akasema, "Bado inafyatua," na ndivyo ilivyoendelea. Kwa hiyo nyumba saba za mtaa wetu zina matofali yenye kovu lile lile pembeni. Lipu imeyafunika, lakini mahali ilipobanduka ukipitisha kidole unalikuta. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikitembelea nyumba za wenzangu na kulitafuta, na nikilipata najisikia niko kwetu.

Maji yalitufundisha zaidi kuliko matofali. Mtambo wa Ruvu Chini ulikuwa umekamilika mwaka 1976, maji yake yakipita njia ya Bagamoyo mpaka kwenye matangi ya Chuo Kikuu, na mwanzoni tulifungua bomba yakatoka. Mji ukakua kuliko mabomba yake. Kufika mwisho wa miaka ya 80 bomba letu lilikuwa linakohoa hewa, kisha likanyamaza kabisa. Jirani mmoja akachimba kisima. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa tulinunua kwa madumu kutoka kwenye mikokoteni.

Kisima kile ndicho kilichokuwa gazeti la mtaa, lakini mama yangu hakukisoma kwa maneno ya watu. Alihesabu ndoo. Mtu aliyezoea kuchota tatu akichota moja, mama alijua kuna jambo. Mwaka mmoja, wakati wa wimbi la kupunguza wafanyakazi katika mashirika ya umma, mama mmoja wa mtaa wa pili alianza kuchota ndoo moja. Hakusema lolote, na hakuna aliyemuuliza. Mama alirudi nyumbani akanipa kibaba cha mchele kilichofunikwa kwa kitambaa, akasema nimpelekee, niseme mama anarudisha alichokopa. Hakuwa amekopa kitu. Mama yule alinitazama kwa muda, akapokea, akasema, "Mwambie nimeshukuru, nilikuwa nimeshasahau." Nilikuwa binti mkubwa tayari, na bado ilinichukua miaka kuelewa kwamba watu wazima wawili walikuwa wamesaidiana kwa uongo wenye heshima kuliko kweli.

Baba alifariki mwaka 1994. Kabla mwili haujafika nyumbani, viti vyetu vilishatolewa nje na majamvi yalishatandikwa, na sikumwona aliyefanya hivyo. Turubai lilifungwa kutoka kwenye mnazi wetu hadi mwarobaini wa upande wa pili. Mjumbe alikaa mezani na daftari la rambirambi. Jiko kwa siku zote tatu alilishika yule mama Mchaga wa ng'ambo, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kila siku, na alinunua masufuria mawili mapya kwa fedha yake ili kusiwe na mtu wa kula kwa mashaka katika msiba wa Waislamu. Sikuambiwa habari ya masufuria mpaka miaka mingi baadaye, naye hakuwa ndiye aliyeniambia.

Hapa ndipo maneno ya fundi cherehani yanaponirudia. Barabara ya mtaa wetu ilichongwa pana katika ule mradi, ikapewa mistari iliyonyooka. Turubai la msiba linakaa barabarani na bado gari linapita pembeni taratibu, dereva akishusha kioo na kutoa pole. Harusi inakaa hapo hapo. Maulidi yanakaa hapo hapo, na watoto wa kipaimara wanapigiwa picha hapo hapo. Nina shangazi Manzese, ambako nyumba zilitangulia barabara, na huko nimeona watu wakipokezana jeneza begani kupitia kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti. Upendo wao si mdogo kuliko wetu. Lakini sisi mtu mwenye ramani alituachia sebule ya mtaa mzima bila kujua, na tangu hapo huzuni na furaha zetu zina pa kukaa.

Nilirudi kuishi nyumbani mwaka 2007, ndoa yangu ikiwa imekwisha, nikiwa na kazi nzuri na watoto wawili. Mwaka uliofuata wezi waliingia usiku wakabeba televisheni na cherehani ya mama. Nikaamua kujenga ukuta. Futi nane, geti la chuma, taa juu ya kila nguzo. Nikachimba kisima kirefu, nikaweka pampu na tangi la lita 5,000. Nilijivunia sana kazi ile. Sikuwa nimekosea kutaka usalama, na leo pia sitamwambia mtu alale mlango wazi. Lakini siku fundi alipomaliza kuchomelea geti, mama alisimama uani akageuka huku na huku, akaniuliza, "Sasa watu watapita wapi?"

"Watu gani, mama? Wakitaka kuja si watagonga."

Hakunijibu. Uani kwetu kulikuwa na njia ya miguu ya mkato iliyotumiwa na wanafunzi, wauza mboga, na majirani waliokwenda kisimani. Mama alikuwa akikaa kwenye mkeka chini ya mnazi na kuamkiwa asubuhi nzima. Baada ya ukuta alikaa pale pale, chini ya mnazi ule ule, akitazama matofali. Nami nilikuwa nikiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, nikaona nyumba yangu ina maji, ina taa, ina amani, nikamshukuru Mungu.

Jumanne moja ya mwezi wa tano mwaka 2013, msaidizi wetu wa kazi alikuwa amekwenda kwao likizo na watoto walikuwa shule. Kwenye saa mbili asubuhi mama aliteleza kwenye sakafu yenye maji karibu na tangi. Alianguka kwa nyonga, na hakuweza kunyanyuka. Simu ilikuwa chumbani. Alilala pale mpaka saa saba mchana.

Aliyemwokoa ni mama wa vitumbua. Alikuwa amempa mama bakuli lake siku mbili kabla, na alijua mama hakai na chombo cha mtu siku mbili. Aligonga geti, hakuitikiwa. Akaenda, roho ikakataa, akarudi, akagonga tena kwa jiwe. Akamwita kijana wa gereji apande ukuta.

Nilifika hospitali nikiwa nalia kama mtoto. Mama alikuwa amechoka lakini sauti yake ilikuwa ileile. "Niliwasikia wakipita," aliniambia. "Nilimsikia muuza dagaa. Nilimsikia mwalimu akimwamkia mtu. Nikawaita mpaka koo likakauka. Kwenye nyumba yetu ya zamani nisingemaliza dakika kumi pale chini."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anahesabu, kama alivyokuwa akihesabu ndoo.

Nyonga ilichukua miezi mingi na hakutembea tena bila mkongojo. Nilimwambia nitavunja ukuta, na nilikuwa tayari kweli. Alikataa. "Ukuta uache, wezi hawajafa. Wewe toa bomba nje." Fundi akatoboa ukuta upande wa barabara, akapitisha paipu, akafunga koki, akamwaga sakafu ndogo yenye mfereji wa kupeleka maji mtaroni, na pembeni akajenga benchi la saruji. Mama akaweka masharti yake. Maji hayauzwi, atakayeweza atie chochote kwenye kopo kwa ajili ya umeme wa pampu. Na mtu asifungue koki kabla ya kupiga hodi, hata kama anamwona mama hayupo, hata kama bomba liko barabarani. Kiti chake kikahamishwa kikawekwa ndani, sambamba na bomba, ukuta ukiwa katikati.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikaanza kusikika tena. "Hodi, bibi!" "Karibu, umeamkaje? Mtoto amepona?" Watu walizungumza na ukuta na ukuta ukawajibu. Siku aliyokuwa na homa, kabla mimi sijagundua, watu wawili walishapiga geti kuuliza mbona leo bibi ana sauti nzito.

Alifariki mwaka 2019, usingizini. Yule mama Mchaga, naye akiwa mkongwe, aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akakaa jikoni akiwaelekeza mabinti kiasi cha chumvi. Turubai lilifungwa mahali pale pale, ila mwarobaini ulishakatwa na kamba ikafungwa kwenye nguzo ya umeme.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulishuka na mji mzima ukaingia katika mgawo wa maji. Nilidhani najua maana ya foleni, sikuwa naijua. Ndoo zilianza kupangwa saa tisa usiku. Walikuja wanafunzi wa vyuo wanaopanga kwetu, walikuja watu wa mitaa ambayo sijawahi kukanyaga. Nikaanza kuogopa kwamba kisima kitakauka na kutuacha wote. Usiku mmoja nilisimama na ufunguo wa valvu mkononi nikiwaza kuifunga, na sitaficha kwamba niliifunga kwa saa nzima. Asubuhi mwalimu wa kona alikuja na daftari la mistari. Kila nyumba ndoo nne, wagonjwa na wazee kwanza, pampu ipumzike mchana. Kijana mmoja aliyekuja na mapipa mawili alitukana, akaambiwa na kina mama apange ndoo kama wenzake, akapanga. Kisima kilipungua sana lakini hakikufa. Mwishoni kopo lilikuwa na hela iliyozidi bili ya umeme, na tuliitumia kuzibua mtaro, ambao kila masika hujaa taka na kuturudishia maji barazani.

Sisemi Sinza ni pepo. Ipo baa inayotunyima usingizi kila Ijumaa, na malalamiko yetu tumeyaandika mpaka kalamu zimechoka. Watu wa chini, kando ya Mto Ng'ombe, wamewahi kukaa juu ya meza wakisubiri mafuriko yapungue. Umbea upo, na umewaumiza watu. Kinachoniuma zaidi ni kuondoka. Zile nyumba saba za kalibu moja zimebaki tatu. Moja imekuwa nyumba ya wageni, mbili ni maduka ya nguo yanayotazama barabara kubwa, na ya nne ni ghorofa. Waliouza siwalaumu, mmoja aliuza ili amtibu mkewe. Na wapangaji wa ghorofani ni watu wazuri, wanasalimia, ila wengi wanakaa mwaka mmoja au miwili, na mtu anayejua ataondoka huchelewa kukopesha chumvi. Unahitaji muda mrefu kujua fulani huchota ndoo ngapi.

Majibu ya majirani niliyaandika yote, nikayasoma usiku mmoja kwa pamoja. Hakuna aliyetaja kitu alichonacho ndani ya nyumba yake. Mwalimu alitaja watakaomzika, mama wa vitumbua alitaja deni, kijana wa bajaji alitaja uji wa mwenye nyumba, na yule mama mwenye mwana aliyepotea alitaja mikono inayomrudisha mwanawe. Kila mmoja alitaja siku aliyopungukiwa na mtu akaona. Nami kwa karibu miaka mitano niliishi kama mtu asiyepungukiwa na chochote, na ndiyo miaka pekee ambayo nilikuwa na nyumba Sinza bila kuwa na mtaa.

Mwenye faili alirudi kama alivyoahidi, na bei alikuwa ameiongeza. Nilimwambia siuzi. Hakukasirika. Alitaka tu kujua kama kuna aliyempiku, nikamwambia hakuna, nikampeleka nyuma ya jiko mahali lipu ilipobanduka, nikamwonyesha tofali lenye kovu. Nilimweleza habari ya kalibu. Alipitisha kidole pale, akanyamaza, akasema babake naye alifyatua matofali yake mwenyewe, Tandale. Kisha akafunga faili na kuniaga.

Nilimsindikiza mpaka nje. Bombani alikuwepo binti mdogo wa ghorofani, miguu peku, akisubiri ndoo yake ndogo ijae. Alimwamkia mgeni, mgeni akaitikia, akainama akanawa mikono kwenye maji yanayomwagika.

"Maji haya ya nani?" alimuuliza.

Mtoto alimshangaa. "Ya kwa bibi," akasema.

Ana miaka mitano. Hakuwahi kumwona.